Mama Alipoiombea Glandi

Sss. Kisha akavuta hewa katikati ya meno: fyuu. "Umeskia tofauti?"

Sauti hizo mbili bado ninazo masikioni, safi kabisa. Zilitoka mdomoni mwa kijana aliyekuwa baharini, mahali ambapo hata yeye mwenyewe alisema anaona maji tu, zikanifikia kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, mimi nikiwa nimesimama na pasi mkononi huko Kawangware. Sss ilikuwa mvuke unaotoka. Fyuu ilikuwa hewa inayoingia. Alitaka nijue kwamba mtu wa chumba cha injini akifumba macho anaweza kutambua, kwa sikio tu, ni upande gani wa mtambo umeanza kusumbua.

"Sss ni kelele tu," alisema. "Inakuchoma kidogo, unaruka, maisha inaendelea. Lakini fyuu, chifu wangu! Fyuu inamaliza meli nguvu polepole na hakuna mtu anaona."

Chifu wake ndiye mimi. Wengine huitwa babe, wengine malkia. Mimi niliitwa chifu, kwa sababu melini mkuu wa mainjinia huitwa hivyo na hakuna anayebishana naye. Mama alipolisikia jina hilo mara ya kwanza aliweka mwiko chini. "Chifu gani tena? Mmeitwa kwa chifu mmefanya nini?" Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Enzi hizo nilikuwa nacheka sana, hata peke yangu njiani, watu wakinigeukia.

Tulikuwa tumekubaliana jambo moja. Akimaliza mkataba wake atashuka, atakuja kwetu Kambi Muru, hapa Nairobi, na watu wake wawili watatu, ajitambulishe kwa mama. Sio harusi, la. Aketi, anywe chai, aulizwe yeye ni mtoto wa nani, aseme kilichomleta. Kwetu sisi, watu wa Magharibi tuliokuja kupanga Nairobi, kijana asiyefanya hivyo ni kama hukuwahi kuwa naye. Unaweza kupendana na mtu hadi majirani wachoke kuwasema, lakini kama hajakalia kiti cha nyumbani kwenu, hakuna kitu. Mimi niliingoja siku hiyo jinsi sijawahi kungoja kitu kingine.

Tulikutana kwa sababu ya maji yanayodondoka. Ninafanya kazi kwa dobi mmoja, Kawangware upande wa kuelekea Riruta. Shule sikufika mbali, nilitoka kidato cha pili, lakini kupiga pasi shati la mtu wa ofisi hadi lisimame lenyewe, hiyo naijua. Pale tuna boila ndogo ya kutoa mvuke wa pasi, na pampu inayoilisha maji ilikuwa imeanza kumwaga. Tajiri wetu akaita fundi. Akaja kijana mwenye spana mfukoni na mandazi mkononi, akafungua mahali shafti, kile chuma kirefu kinachozunguka, inapoingilia kwenye pampu, akachomoa kamba nyeusi iliyoliwa, akazungusha kamba mpya yenye grisi, akakaza nati. Maji yakakauka. Tajiri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo yule kijana akazilegeza tena zile nati, na maji yakaanza: tone, tone.

"Wewe! Nimekuita uzibe ama ufungulie?"

"Boss, hii inaitwa glandi. Lazima idondoke kidogo. Ukikaza hadi ikauke, kamba inaungua na shafti inakwaruzwa."

Akanigeukia mimi niliyekuwa nachungulia. "Hata mtu ukimkaza sana anaungua."

"Na wewe ni nani amekulegeza?" nikamjibu.

Sijui mtu hupendaje kwa sababu ya tone la maji. Lakini mpaka alipofunga mfuko wake wa spana, moyo wangu ulikuwa umeshakwenda.

Baadaye binamu yake wa Mombasa alimtafutia njia, akasomea kazi ya chumba cha injini, akapata meli. Ilikuwa meli kuukuu ya kubeba gesi, ya zile ambazo bado zinaendeshwa kwa mvuke. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na tochi na kitambaa, apake mafuta, asome mageji, asikilize. Hapo ndipo ujumbe wa sauti ulipoanza. Wasichana wenzangu pale kwa dobi walitumiwa maua ya simu na nyimbo. Mimi nilitumiwa glandi.

Aliniambia nisahau kamba. Ndani ya tabaini, ule mtambo wa vibapa vya chuma unaozungushwa na mvuke, shafti inakimbia kwa kasi ambayo kamba ingekuwa majivu kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwa hivyo hakuna kinachoigusa. Pale inapotokea nje ya ganda la mtambo imezungukwa na pete zenye meno membamba, jino baada ya jino, na kati ya kila jino na shafti kuna nafasi ndogo kama unene wa karatasi.

"Sasa si mvuke unatoka?" nilimuuliza.

"Unatoka. Hatuuzuii, tunauchosha."

Nilirudia kuusikiliza ujumbe huo mara nyingi, kwa sababu ya hilo neno. Tunauchosha. Nilikuwa naupenda ukali wa sauti yake akifurahia kitu, alivyokuwa anameza mwisho wa maneno. Niliota mambo mengi na ile sauti. Niliota nyumba yenye mlango wa bluu, niliota tumekaa nje tukigombana juu ya mvuke hadi watoto wetu watukimbie. Si ndoto kubwa. Ndiyo maana inauma: sikuomba ghorofa.

Upande mmoja wa tabaini, alinieleza, ndio wenye mvuke mkali, ule unaosukuma ili utoke nje. Huko ndiko kwenye sss. Upande wa mwisho, mvuke umeshafanya kazi, umepozwa ukawa maji, na pale palipokuwa na mvuke mwingi panabaki utupu. Utupu una njaa. Unataka kuvuta hewa yote ya dunia ipitie kando ya shafti. Huko ndiko kwenye fyuu. Sasa ile njaa hawaizuii kwa kukaza. Wanaleta mvuke mpole, wenye nguvu kushinda hewa ya nje kidogo tu, wanauingiza pale kwenye meno. Utupu ukivuta, unavuta mvuke, si hewa. Na meli ikishashika mwendo, ule mvuke unaovuja upande mkali ndio unaopelekwa kwa bomba ukazibe upande wa njaa.

"Umeona?" alisema. "Anayevuja huku ndiye anaziba kule. Hakuna kinachopotea."

Niliamini hivyo. Hakuna kinachopotea.

Mama anauza nguo za watoto Soko la Toi, mitumba, na moyo wake wote uko kwa Mungu na kwa simu yangu. Jumapili moja tulikuwa tumetoka kanisani, mimi nasonga ugali, simu iko juu ya stuli ikalia. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikamwambia abonyeze. Sauti ikatoka kubwa nyumba nzima:

"Chifu wangu, leo nimechoka vibaya. Glandi inasumbua tangu asubuhi. Ile ya nyuma. Chifu amesema haiwezi funguliwa sasa, tungoje hadi tufike bandari. Tunaichunga tu hivyo hivyo. Usiwe na wasi."

Mimi nilisikia uchovu tu. Mama alisikia kitu kingine. Kaka yake mkubwa alikufa na tezi, ugonjwa ule wa wanaume, na daktari aliyewaita pembeni hospitalini aliuita glandi. Nyumbani kwetu neno hilo lina maana moja na kaburi moja.

"Huyu ana miaka mingapi?" aliniuliza.

"Ishirini na saba."

"Maskini ya Mungu. Mdogo hivyo." Akafunika mboga bila kuonja.

Nilidhani anamhurumia kwa kukaa mbali na watu wake. Wiki hiyo ikapita. Nikaanza kuona akina mama wa kanisa wananishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Mwishowe yule anayeuza mandazi kwenye kichochoro chetu akanivuta kando. "Pole, mami. Usikate tamaa. Shemeji yangu alikuwa hivyo hivyo, na saa hizi anakojoa vizuri kabisa."

"Nani anakojoa?"

"Shemeji yangu. Hata huyo wako atakojoa. Tumefunga, tumeomba."

Nilikimbia nyumbani. "Mama, umewaambia nini watu?"

"Nimewaambia ukweli. Mtoto wa watu anavuja huko baharini na chifu amekataa afunguliwe."

Nilijitupa kitandani nikacheka hadi mbavu zikauma. Mama hakucheka. Alingoja nimalize, kisha akasema alikuwa ameshampigia anti, dada ya marehemu baba, ambaye ndiye husema kwa niaba yetu mambo ya ukoo. Na anti alikuwa ameamua: hakuna kujitambulisha. Kijana apimwe kwanza. Hawezi kuruhusu mtoto wa kaka yake aolewe awe mjane kabla ya kulea.

Kicheko kikakatika hapo.

Anti alikuja Jumamosi, akaketi kwenye kochi na mkoba wake mapajani kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. "Tuambie," alisema. "Na usitudanganye. Mimi nimezika watu."

Kila kitu nilichotaka maishani kilikuwa kimekaa kwenye lile kochi. Nikavuta stuli.

"Anti, mwizi akinyakua kitu Toi, akimbilie huku kwetu."

"Ee."

"Anaingia kichochoro chembamba na mbio zake zote. Anatokea mahali wazi, pale kwa bomba la maji, kuna ndoo, kuna watu, anazubaa, anatafuta njia. Anaingia kingine chembamba. Anatokea pale wanafua. Tena chembamba, tena wazi. Akifika mwisho yuko aje?"

"Anatembea kama mtu ametoka kanisa," mama akasema.

"Huyo ndiye mvuke. Na hivyo vichochoro ndivyo vinaitwa glandi. Ni chuma, Anti. Haiko kwa mwili wa mtu."

Anti hakusogea. "Na ile ya nyuma? Mama yako amesema ni ya nyuma."

Nikachukua chupa ya plastiki, nikaitia maji moto kutoka kwa thamosi, nikaitikisa, nikayamwaga, nikafunga kifuniko upesi. Nikaiweka ndani ya beseni la maji baridi. Tukakaa tukiitazama. Chupa ikaanza kulia, kra, kra, ikakunjamana yenyewe mpaka ikashikana tumbo na mgongo.

"Yesu!" Anti akainua miguu.

"Hakuna mtu ameigusa. Mvuke wa ndani umekuwa maji, pamebaki njaa, hewa ya nje inataka kuingia kwa nguvu. Sasa meli ina njaa kama hiyo, kubwa, na hapo hapo shafti inapita, kuna tundu. Ukiziba tundu na kitu kikaguse shafti, kitaungua. Kwa hivyo wanaweka mvuke wao hapo mlangoni. Njaa ikivuta, inameza mvuke wa nyumbani, hewa ya watu inabaki nje. Na ule mdogo unaotaka kutorokea upande wa wafanyakazi, kuna feni inauvuta kwa bomba, unapozwa, unarudi maji, usije ukaingia kwa mafuta."

"Kwa hivyo tundu haizibwi na kitu."

"Inazibwa na mvuke tu."

"Na shafti haiguswi."

"Haiguswi, Anti. Na mvuke hauwekwi hapo kama shafti imesimama, lazima wawe wanaizungusha polepole. Ikipashwa moto upande mmoja imesimama, inapinda. Hata wakizima wanaendelea kuizungusha hadi ipoe."

Akaiokota ile chupa, akaigeuza, akaiminya kama anayetafuta uongo ndani yake. "Sasa huyu kijana kazi yake ni kuchunga nafasi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Hiyo ni kazi ngumu. Aje. Nitamwona."

Mama akashika kiuno. "Na akina mama nitawaambia nini? Watu wamefunga chakula!"

"Waambie glandi imepona."

Na kweli, meli ilipofika bandari walifungua, wakabadilisha pete zilizolika. Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba glandi tuliyoiombea imepona kabisa, haivuji. Hakusema ilikuwa ya nani. Watu walipiga makofi. Nilimtumia kijana wangu habari hiyo, naye akanijibu kwa ujumbe mrefu wa kicheko kitupu, anacheka, anakohoa, anacheka tena. Ujumbe huo bado uko kwenye simu. Sijaweza kuufungua tena, na kuufuta siwezi.

Siku ikapangwa, iwe Jumamosi. Anti akaja mapema akalala kwa jirani yetu. Mama akafunga kibanda chake Toi, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na homa. Akaenda kuazima viti vyeupe vya plastiki kanisani, akavibeba na wenzake vichwani hadi mlangoni petu, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena ili mgeni asikae akitazama choo.

Mimi nilikuwa kazini Ijumaa hiyo mchana aliponipigia. Sio ujumbe, alipiga. Nyuma yake nikasikia magari, na mtu akipiga honi.

"Umeshuka!" nikasema. "Uko Mombasa?"

Akaniita kwa jina langu. Jina langu lenyewe, lile la kanisani. Nikaweka pasi wima.

Alisema hayuko Mombasa. Meli imeuzwa, inapelekwa kukatwakatwa iwe vyuma chakavu. Hizi za mvuke zinamalizwa, hakuna anayezitaka. Kampuni imempa nafasi ya kusomea injini mpya, huko huko aliko, atakaa. Alisema maneno mengi sana ya injini, na kwa mara ya kwanza sikusikia hata moja.

"Kuna mtu?" nikamuuliza.

Nilisikia akivuta pumzi.

"Kuna mtu. Sitaki kukudanganya. Usinisubiri."

Boila yetu ilikuwa inanguruma pale nyuma na wasichana walikuwa wanagombania hanga. Ningeweza kumtukana. Ningeweza kumwambia juu ya viti. Lakini moyo una ujinga wake, na kitu kilichotoka mdomoni mwangu ni hiki: "Mlipoizima, mliizungusha mpaka ikapoa?"

"Tulimaliza utupu, tukafunga mvuke wa glandi, basi. Haikuwa na haja ya kuizungusha. Inaenda kukatwa tu."

"Sawa," nikasema.

Nikamaliza lile shati. Kola, mikono, mbele, mgongo. Nikalitundika.

Nilitembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi nyumbani, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliniangalia mara moja tu akaweka uteo chini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, viatu mguuni. Nilitarajia apige kelele, ataje ukoo wa yule kijana mpaka wa kwanza. Alikaa tu na mikono yake myeupe kwa vumbi la mchele.

"Afadhali angekuwa mgonjwa," alisema. "Ugonjwa tungeuombea."

Hapo ndipo nililia. Nililia kifuani kwa mama kama mtoto wa chekechea, na yeye akinipapasa mgongo akiniambia basi, mami, basi, na machozi yake yananidondokea kichwani. Anti aliingia, akatutazama. Akachukua uteo akaendelea kuchambua mchele, punje moja moja, polepole, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kupikiwa.

Bado napenda kazi yangu, na kucheka kunarudi, kidogo kidogo. Lakini kuna wakati nikisimama mbele ya boila naukumbuka ule upande wa mwisho, jinsi unavyovuta, na inabidi nijifanye natafuta nyuzi kwenye kapu mpaka nipumue sawa.

Asubuhi ya Jumamosi ile aliyokuwa aje, niliamka kabla yao. Nje kulikuwa kumepoa na kichochoro kilikuwa bado cha kuku na paka. Vile viti vilikuwa vimepangwa vile vile vikitazama mlango, vina umande. Nikateka maji, nikaviosha kimoja kimoja kwa sabuni na kitambaa, viti ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amevikalia, nikavifuta, nikavipandanisha ili nivirudishe kanisani kabla wenye kuuliza hawajaamka. Kile cha mwisho nilikikalia kidogo, ndiyo kisirudi bure. Halafu nikasimama, nikakiosha tena.